Nani Aliyetubadilisha Zaidi

Kambi ya kiwanda cha sukari,
Upande wa Kisumu.
Jumapili, baada ya alasiri.

Mke wangu Mwanasha, Mama Fatuma,

Asalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima, alhamdulillahi, ila kifua kinanikwaruza kidogo kwa moshi wa tanuri, na hilo kwako si jipya. U hali gani? Na mama mguu wake vipi? Bado anakataa kupakwa dawa mpaka umbembeleze kama mwari? Na binti yetu Fatuma hajambo? Habari zake nazitaka zote, hata zile unazoziona ndogo, na leo utajua kwa nini.

Kaka yako Nassoro alifika jana na lori lake la chumvi. Ng'onda wako wamefika salama. Halua imefika nusu, kwa sababu ilisafiri naye kutoka Likoni na yeye ni binadamu. Tulipika wale ng'onda kwa nazi uliyotuma, mimi na wenzangu wawili wa chumbani, Hamisi wa Msambweni na Daudi wa Taru. Huyu Daudi amekulia kwenye ng'ombe, na alipofika huku alikuwa akiziba pua akisikia harufu ya samaki. Sasa analamba mpaka miiba. Nikamwambia bado kidogo tutamwoza kwetu Mwabungo.

Nikueleze tulivyoshinda leo. Jumapili mashine huoshwa, nasi wapishi wa sukari tunapumzika. Tulikuwa nyuma ya nyumba, Hamisi akimnyoa Daudi. Daudi akataka akatiwe njia kichwani upande wa kushoto, kama yule mchezaji mpira wa Mombasa wanayemwita Shabani Mkwaju. Hamisi akaweka mkasi chini.

"Mwanamume mzima, una mke na watoto, unanyolewa kwa amri ya mtu anayekimbiza mpira?"

"Si amri. Ni heshima," Daudi akajibu. "Katika watu wote mashuhuri waliotokea tangu tuko watoto mpaka leo tumepata uhuru wetu, hakuna aliyebadilisha watu kama Shabani Mkwaju."

Basi, umetia moto kwenye makuti. Ubishi ukaanza pale pale, kichwa cha Daudi kimenyolewa nusu. Nassoro tukamfanya hakimu kwa kuwa ni mgeni. Hamisi akatoa sharti: mtu asilete sifa za kusikia, alete kilichobadilika mbele ya macho yake mwenyewe.

Daudi alisema kwao Taru vijana wote wana njia kichwani, na babake mzazi, mzee asiyejua goli ni nini, amempa fahali wake jina la Mkwaju.

"Na fahali naye ana njia?" Hamisi akauliza. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Hamisi mtu wake ni yule mtangazaji wa salamu za asubuhi. Unamjua, kwani nani asiyemjua? Alisema zamani Msambweni mtu akitaka kutangaza msiba au harusi alikuwa anapiga ukelele tu, lakini siku hizi hata muuza mihogo husafisha koo kwanza na kuita, "Wasikilizaji wangu wapenzi." Ni kweli, Mama Fatuma. Hamisi mwenyewe kila alfajiri anatuamsha kwa sauti hiyo hiyo ya puani, na siku moja nitamtupia kiatu.

Mimi nilimtaja mwimbaji wetu Bi Mize. Na nilipotamka jina lake sikuwa tena Kisumu.

Unalikumbuka duka la Mzee Athumani pale Ukunda, na gramafoni yake yenye pembe kubwa? Mzee hakutaka mtu asikilize bure. Ununue kitu, hata kiberiti, ndipo usimame. Siku ilipofika sahani mpya ya Bi Mize ulikuja kununua mafuta ya taa, ukarudi kununua chumvi, ukarudi tena kununua sindano. Mimi nilinunua viberiti mpaka mfuko ukavimba, na wala sivuti sigara. Mara ya nne ulisimama mlangoni huna kitu, Mzee Athumani akaanza kukukunjia uso, nikakununulia majani ya chai ili usifukuzwe. Ulisema ahsante huku unaiangalia gramafoni. Nilikwenda Mwabungo kwa miguu siku ile nikiimba peke yangu, na watu wakadhani nimepatwa na pepo.

Niliwasimulia wenzangu hayo yote. Nikawaambia pia kwamba kabla picha ya Bi Mize haijabandikwa dukani, wasichana wa kwetu walifunga vitambaa vya kichwa kwa nyuma. Baada yake kila mmoja alifunga ubavuni, nawe ulikuwa wa kwanza, mama yako akakutukana mbele ya kisima kizima. Ee Mwanasha, siku zile! Harufu ya mafuta ya taa inanirudisha pale kila nikijaza taa. Nina hamu na kwetu mpaka naona haya kuandika.

"Huo si ushahidi wa Bi Mize," Hamisi akasema. "Huo ni ushahidi wa shemeji."

Hapo Nassoro, ambaye alikuwa ametulia kama hakimu kweli, akapiga paja lake. "Nyote nyamazeni. Hamisi ameshinda, na ushahidi ninao mimi. Kwetu Mwabungo yuko mtoto anamwita mtangazaji huyo baba."

"Mtoto wa nani?" Daudi akauliza.

Nassoro alikuwa ameshaanza kucheka. Akaninyooshea kidole. "Wa huyu!"

Akasimulia. Alisema Idi ile niliyotuma salamu redioni, ulimbeba Fatuma ukaenda naye dukani kwa jirani Saidi, na mtangazaji alipomtaja kwa jina watu wote barazani wakapiga kelele, "Babako huyo! Babako!" Alisema tangu siku hiyo, wakati wa salamu ukifika, mtoto huenda mwenyewe akasimama chini ya rafu ya redio na kusema, "Shikamoo baba." Kisha hungoja. Wimbo ukipigwa huwaambia watu, "Baba amekwenda kazini," akarudi nyumbani.

Tulicheka. Nami nilicheka, tena sana, kwa sababu Nassoro anajua kusimulia na aliiga mpaka alivyokunja mikono. Hamisi akapewa kipande cha mwisho cha halua kwa ushindi wake. Ilipita dakika nzima ndipo kicheko kikanikwama.

Nilimwuliza Nassoro, "Na mamake anasema nini?"

Aliona uso wangu akaacha kucheka. "Nilimwambia dada amkanye mtoto. Akaniambia, 'Nikimwondolea huyo, nitampa yupi?'"

Sikukasirika, Mama Fatuma. Wallahi sikukasirika nawe hata chembe. Najua hukuniandikia habari hiyo ili usiniumize, nami ningekuwa wewe ningenyamaza vile vile. Lakini nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia, mwanamume mzima, na sioni aibu kukuambia. Mara ya mwisho nilipokuja alikuwa akitambaa, akaninyea shati jeupe la Ijumaa. Najua uzito wake wa siku ile. Sauti yake siijui, na yangu haijui.

Unajua tulivyopanga. Msimamizi ameniahidi kwamba msimu ujao nitakuwa mkubwa wa chumba cha kupikia sukari, na kwa kazi hiyo tungeezeka nyumba kwa mabati mvua za masika zisitukute tena na mabeseni chini ya paa. Hamisi alinishika bega akasema, "Msimu mmoja tu, Bakari. Mtoto hasahau damu yake." Alisema kwa wema. Daudi alikuwa bado na kichwa cha nusu, shuka limejaa nywele, akasema, "Kwetu ndama akizoea kunyonya kwa ng'ombe mwingine, mama hamwiti kwa kelele kutoka ng'ambo ya bonde. Anamfuata." Kisha akamwambia Hamisi amalizie kunyoa.

Nimefuata la Daudi. Kabla sijaketi kuandika nilikwenda nyumbani kwa msimamizi nikamwambia natoka kazini mwisho wa mwezi huu. Alinitazama kama mtu aliyepigwa jua.

"Unaacha cheo kwa ajili ya mtoto asiyekujua?"

Nikamwambia ndiyo bwana, kwa sababu hiyo hasa.

Nitaomba kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi, huko huko kwetu pwani. Wakinipa kupika sukari, alhamdulillahi. Wakinipa panga nikate miwa, nitakata, bora jua likichwa niwe nyumbani. Mabati yatangoja. Najua masika yaliyopita ulihamisha kitanda cha mama mara ngapi, na ninajua nakuomba uhamishe tena. Ukinigombeza nikifika, gombeza, una haki. Lakini nigombeze nikiwa mbele yako.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nakuja kumpaka dawa mimi, na mimi sibembelezi. Baba mkwe, Mzee Juma, mwambie naomba radhi na dua zake za safari. Shangazi Mwanakombo, anayekushikia mtoto ukienda kondeni, msalimie sana, nina deni la shukrani kwake nisiloweza kulilipa. Mwenye duka naye, jirani yetu Saidi, mwambie ahsante kwa kumpa mwanangu mahali pa kusimama bila kumfukuza. Hamisi na Daudi wanakusalimu wote wawili, na Daudi anasema umletee ng'onda wengine Nassoro akirudi, kana kwamba mimi nikiondoka yeye ndiye mumeo.

Fatuma mwache. Usimzuie kwenda dukani, wala usimwambie kwamba amekosea, wala usimfundishe uso wangu kwa picha. Salamu zake sizitii humu ndani wala sizipeleki redioni. Namletea mwenyewe.

Mimi mumeo,
Bakari