Ukurasa wa Nane

Ami Hashim,

Chumba chako wamekipata Wakongo, mtu na mkewe, na mke ni msusi. Wanaimba mapambio tangu alfajiri. Nilitaka kununa, halafu yule mama akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, eish, nikalamba sahani. Kiti chako nimekihamishia kwangu, karibu na cherehani. Hakikaliwi na mtu.

Nina neno la kukwambia.

Unakumbuka macho yalipokuacha? Samira binti yako alikuchapia gazeti la kwenu Sudani kutoka mtandaoni kila wiki, akakimbilia kazini Hillbrow, kusoma ukaniachia mimi. Mimi, fundi wa magauni kutoka Tanga, herufi za Kiarabu ninazo za chuo cha Kurani, maana zake sina! Gazeti halina irabu, nabahatisha tu, nawe unacheka mpaka unakohoa. Lakini unaelewa. Nikifika kwenye tangazo la sabuni unanisimamisha, kwa Kiswahili chako cha Mombasa mlikokimbilia kwanza: "Ngoja. Hapo palikuwa na habari." Ndivyo nilivyojua kuwa ulikuwa mhariri, na kila jioni alikuja bwana wa serikali na kalamu nyekundu. Alipopakata mlipaacha peupe, wasomaji wajue. Peupe napo pakakatazwa, mkajaza sabuni. Ulisema wewe na mwenzako Idrisi mmeiogesha nchi nzima.

Basi Jumatano ile nikafika ukurasa wa nane, nikaona picha ya Idrisi. Nilimjua kwa ile picha yenu ya ukutani kwako. Juu yake Inna lillahi, na hayo hayamhitaji mfasiri. Daktari alikuwa ameshatuonya juu ya moyo wako. Nikaukunja ukurasa, nikausukumia chini ya vitambaa, nikakwambia gazeti limekwisha. Ukasema, "Ahsante, Mama Zuhura," ukanywa chai yako. Nikajiona mwerevu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata ukanipa tende, niwagawie watoto wa madrasa. Nikakutania, mzee umepata urithi? Ukatabasamu tu.

Juzi Samira alikuja kuchukua nguo zako nilizozihifadhi kwangu, akanieleza yote. Kumbe ulikuwa unazihesabu kurasa kwa sikio. Ni nane kila wiki, na siku ile ulisikia saba. Jumapili ukamtaka akuchapie tena, akusomee ule wa nane. Tende zilikuwa sadaka ya Idrisi. Siku zote zile ulimlilia peke yako, Ami, na mimi nipo nyuma ya ukuta nashona, ukijikaza ili nisijue kwamba unajua. Samira alikuuliza mbona hukunigombeza. Ukamjibu: "Wale walikata ili watu wasijue. Yeye amekata ili nisiumie. Lakini mkasi ni mkasi."

Nimelia, na nimekukasirikia pia. Si ungenigombeza! Ningekuja tukakaa matanga pamoja, ningekupikia uji, ungenisimulia habari zake mpaka uchoke. Mimi ndiye niliyekunyima hayo, kwa mikono yangu hii. Nisamehe, Ami. Nilikupenda, nikaogopa.

Ukurasa ule ninao bado, una alama za mikunjo. Ijumaa nitakuja nao makaburini, nikae upande wa kichwa chako, nikusomee kuanzia juu mpaka chini, na jina la Idrisi nilitaje kwa sauti. Na Samira akinichapia gazeti, nitakusomea kwenye kiti chako, kurasa zote nane.

Pumzika kwa amani, Ami. Nikikosea irabu, cheka. Sitaruka hata sabuni.

Mwanao,
Mama Zuhura