A Inayoniangusha

Mzee Ladislav wa gazeti letu, nisaidie kabla Ijumaa haijafika. Niko mwaka wa mwisho sekondari, hapahapa Nebraska, na ndimi wa kwanza darasani, ila shuleni kwetu A ya masomo ya juu huhesabiwa tano na A ya masomo mengine huhesabiwa nne, na mimi pamoja na hayo ya juu nasoma kuchomelea vyuma, na napenda kuchomelea kuliko kula, na nimepata A, na hiyo A, Mzee, ndiyo inayonishusha wastani, kwa sababu Trent, anayenifuata kwa alama, kipindi hicho hana somo, analala maktaba, na usingizi hauna alama kwa hiyo haumshushi, sasa amebakiza kidogo anipite. Juzi mama kaona ripoti, akafoka mezani, "Wee mtoto, hiyo A yako itatutia aibu! Acha vyuma, ukalale kama wenzio!" Baba akanong'ona, "Mimi nikilala namwagiwa maji." Kwetu wa kwanza ndiye hutoa hotuba ya mahafali, na gauni la kuitolea limeshanunuliwa, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kuacha somo. Nifanyeje?

Mwenye Cheche

Mwenye Cheche, umefika penyewe. Mimi shuleni nilikuwa wa kwanza miaka yote. Haya, tulikuwa wawili tu, mwenzangu ni dada yangu, na wa kwanza alikuwa yeye.

Pole, binti. Lakini na akili zote hizo, unataka kushindana na mkoromo? Aibu! Mama yako mwambie gauni halichagui: hata msikilizaji wa hotuba huvaa.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wa ushauri, omba kuchomelea uandikiwe "amefaulu" tu, kusiingizwe kwenye wastani. Shule nyingine hukubali, ila hawakwambii usipouliza. Wakikataa, baki na vyuma vyako. Trent ahutubie, sisi tupige makofi tukimbilie maandazi ya kolache. Hotuba husahaulika kabla sahani hazijaoshwa. Chuma kilichoungwa vizuri hakisahauliki.

Halafu usidhani sijakujua. Nani mwingine mjini ana nyusi zilizoungua? Wakati wa mavuno ulinivunjia bawaba ya geti kwa trekta la baba yako, ukaapa, "Wiki ijayo, Mzee, naichomelea." Mpaka leo ng'ombe wangu wanakwenda kwa jirani kama wamealikwa. Jumamosi njoo na mashine. Ukiiunga vizuri, nakupa tano.