Sahani ya Gesi Anayoitazama Neema

Mpendwa Baba Neema,

Binti yako amekuja likizo hapa Nangara, na tangu juzi ananieleza kazi yake. Nimeona nikuandikie, maana wewe ungeielewa haraka kuliko mimi.

Unakumbuka miaka ile ya shida, tulipopanga foleni kwa sukari, tukapanga tena kwa sabuni. Nilikuwa nimeficha kipande cha sabuni nifulie gauni la Neema la komunyo ya kwanza. Ukakichukua ukaenda nacho shuleni. Nilikufuata kwa miguu nimejaa hasira, Neema nyuma yangu, nikakukuta wewe na kidato cha tatu mmeuzunguka waya uliokunjwa kama pete, ndani yake utando wa sabuni unang'aa rangi rangi. Hukuwa na chaki wala kitabu. Ukaniambia taratibu, "Mama Neema, tazama kwanza, halafu ndiyo unigombeze."

Nikatazama. Ukaeleza kwamba mwanga unaorudi kutoka mbele ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka nyuma, na kwa kukutana huko hujulikana unene ambao jicho haliwezi kuupima. Mimi niliambulia rangi tu. Neema alikataa kuondoka.

Jioni ulilifua lile gauni mwenyewe uani, kwa sabuni iliyobaki, majirani wakicheka kuona mwalimu ameinamia beseni. Hukujali. Jumapili gauni lilikuwa jeupe pe.

Hukujaliwa kumwona akimaliza shule. Sasa yeye na wenzake huelekeza darubini kadhaa, zilizosimama mbalimbali, kwenye nyota moja yenye joto kali, kisha huukutanisha mwanga wake. Anasema nyota hiyo inajizungusha kwa kasi mpaka imevimba kiunoni, na gesi inayoitoka imetanda kuizunguka kama sahani. Kwa darubini moja wangeona nukta tu. Nilipomwuliza nani alimfundisha hayo, alicheka, akakutaja wewe.

Kuna miaka, anasema, sahani ile hufifia mpaka ikatoweka, nyota ikabaki peke yake. Nilikuwa nakufikiria. Nikamwuliza kama hapo huwa wanaacha kuitazama.

"Hapana, mama," akasema. "Pengine itarudi, pengine haitarudi. Sisi tunatazama tu."

Kesho asubuhi tutakuja Bonga, yeye na mimi, kupalilia kaburi lako. Pumzika mpaka hapo.

Mke wako,
Mama Neema