Leso ya Kumgeuzia Hawe

Jumatatu, 9 Machi

Nimemgeuza Hawe upande wa kulia. Nimempaka mafuta ya nazi mgongoni. Uji amekunywa vijiko viwili. Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, hana uzito tena, lakini namgeuza kwa leso yake ya kujifunga: naipitisha chini yake, naikunja ukingoni, navuta polepole ngozi isichubuke. Hakuna aliyenifundisha. Utani wa bibi na mjukuu bado anao, hata nikimwosha. "Mke mwenzangu, maji haya umeyatoa kwenye friji ya nani?"

Sasa neno ambalo sijamwambia mtu. Alhamisi nina mahojiano kwenye chuo cha uuguzi, Malindi. Leo nikimwosha niliomba: kama ni kufa, afe baada ya Alhamisi. Sikuomba apone. Nilipanga tu, kama mtu anayepanga siku ya kufua.

Najichukia. Lakini nikiikosa nafasi hii nitabaki hapa Vitengeni kupalilia mahindi. Akili inaniambia hivyo na haikosei.

Jumanne, 10 Machi

Hawe amefariki alfajiri. Shangazi Kache, bintiye, alipiga yowe mpaka majirani wakaja mbio. Mimi nilikunja leso.

Atazikwa Alhamisi.

Jumatano, 11 Machi

Wanawake wamejaa mikekani. Mimi ni Sidi, nilipewa jina la Hawe mwenyewe, kwa hiyo nimekalishwa mbele. Shangazi anasema aliyerithi jina la marehemu haondoki mkekani mpaka maiti izikwe. Tena ananisimanga mbele ya wageni: "Hebu mtazameni Sidi! Macho makavu kama kifuu. Huyu hata kitunguu hakimtoi chozi." Wakacheka kidogo, wakarudi kulia.

Hajui. Hata nikiwa sina msiba, sauti hunikauka mbele ya watu. Shuleni nilikuwa nikiulizwa swali nasimama tu. Nikianza kulia sasa, kesho sitaweza kusema hata jina langu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: nisimfikirie Hawe mpaka mahojiano yaishe. Nikimkumbuka, natafuna ulimi.

Mama ameniita nyuma ya jiko. "Nenda, mwanangu. Nitasema tumbo limekukamata, umelala kwa jirani." Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilijisifu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefanya jambo baya.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Mama mmoja mtu mzima, muuguzi, ndiye aliyeuliza. Niliwaamkia shikamoo, sauti ikatoka. Nilifurahi.

"Binti, umewahi kumuuguza mtu nyumbani?"

Nikapima haraka. Nikisema ndiyo, atauliza nani. Nikimtaja, nitalia. Nikilia, wataona sifai.

"Hapana," nikasema.

Akaitazama mikono yangu. Niliona kama bado inanukia mafuta ya nazi. "Basi mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, utamgeuzaje?"

Leso niliiona mbele ya macho yangu. Niliona mpaka ukingo wake. Nikatafuna ulimi.

"Nitajifunza nikija."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema wanaotaka zaidi ni wale waliowahi kukaa na mgonjwa. Akanishukuru. Macho yangu yalikuwa makavu mpaka nje ya geti.

Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kuzika. Watu wananawa mikono.

Ijumaa, 13 Machi

Nimejaribu kulia. Hakuna kitu.

Jumatano, 18 Machi

Ujumbe umekuja kwenye simu ya Mama. Sikuchaguliwa.

Mama alinikumbatia. "Ni majonzi, mwanangu. Nani angeweza kujibu maswali na maiti iko nyumbani?" Ikabidi amweleze Shangazi nilikokuwa siku ile. Nilingoja matusi. Shangazi akanishika mkono. "Pole, somo wa mama yangu. Kumbe ulikuwa na moyo. Ulipaliwa na machozi kule, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Wote sasa wananionea huruma. Shangazi ameniwekea samaki mkubwa. Wanadhani nilimlilia Hawe mbele ya wale watu nikashindwa kusema. Laiti ningelia. Ningelia, ningemtaja, na yule mama angejua mikono hii inajua nini.

Jioni nimeifua leso na kuianika. Upepo ulipoipindua upande wa pili, ndipo machozi yalipokuja. Hakukuwa na mtu uani.

Wewe utakayeyasoma haya, tafadhali, usimwambie Mama. Mwache aamini kuwa nililia mapema.