Jumatatu ya Rafilina

Jumatatu, 13 Mei
Nimeshuka chini ya kanisa kumfuta vumbi Rafilina, fuvu letu. Mafuvu ya huko hayana majina. Bibi ndiye aliyemchagua, akampa jina, akaniachia mimi. Mimba tatu zilitoka. Nikamwomba Rafilina, nikampata Assuntina. Nani kanitendea zaidi?

Shuleni kuna jambo jipya. Watoto watawatembeza wageni kanisani kwetu, eti waujue mji wao. Mji wanaolala na kuamka nao! Kaletwa mwalimu, Bi Ludovica, kutoka kule juu Vomero kwa matajiri, na skafu yake ya hariri, aje kutujulisha Napoli. Mtaani kwetu alipita kakumbatia pochi kama kazungukwa na fisi.

Alhamisi, 16 Mei
Assuntina kapewa kusema! Tena kule chini kwenye mafuvu! Nimembusu mpaka kalalamika. Siku zote humpa kushika mlango, eti anaongea kimtaani.

Halafu nikasoma karatasi ya maneno yake. "Zamani, wanawake wajinga waliomba mifupa." Zamani? Juzi nilikuwa huko!

Nikamfuata mwalimu. Bi Ludovica, hilo neno wajinga litoe. Akacheka kwa pua. Mama Assuntina, hii ni historia, nani kakutaja wewe? Kama mtoto hawezi, wapo wengine.

Nikaikunja karatasi, nikaondoka. Ati historia, na yeye ngazi za kule chini anazishuka kama anakanyaga mayai!

Ijumaa, 17 Mei
Mume wangu Sabatino anasema mwache mtoto aseme, maneno hayavunji mfupa. Wanaume!

Assuntina anajifunza mbele ya kioo. Mama, nimekosea? Hapana, mwanangu. Nikageukia masufuria.

Jumatatu, 20 Mei
Naandikia kwenye ngazi za nje.

Shughuli ilikuwa iwe jana, lakini kulikuwa na komunyo ya kwanza ya watoto, ikasogezwa leo. Wazazi wamejaa huko chini. Zamu ya Assuntina. Sauti safi, haitetemeki: "Zamani, wanawake wajinga..." Na mkono umetoa leso mfukoni, unamfuta Rafilina. Paji, mashavu, polepole, kama ninavyomfuta yeye uso. Hata hajijui!

"Usiguse!" Ludovica kamaka. "Nani kakufundisha uchafu huu?"

"Lakini leo Jumatatu, Bi Ludovica. Jumatatu tunamfuta. Mimi na mama."

Vikongwe wa nyuma wakaangua kicheko. Kumcheka yule wa skafu — lakini mtoto kadhani ni yeye. Mdomo ukaanza kumcheza.

Na mimi nikakimbilia nje! Mimi!

Namsikia Ludovica hadi hapa. Mama yake ni nani? Mama yake yuko wapi?

Leso yangu ninayo. Nashuka.