Shangazi Amefagia Kwa Wazee

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Korogwe joto. Mawingu yamelala juu ya mlima Lutindi tangu asubuhi, na huku chini hatujapata hata tone. Nimevua viatu, nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji, na bado nina hasira.

Sina hata mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaosoma hapa hamkijui kijiji chetu. Kipo upande wa Handeni. Unaacha lami, unaingia vumbi. Nyuma yake kuna kilima tunachokiita Kwa Wazee. Huko ndiko wazee wetu Wazigua walikoishi kabla ya kuhamia bondeni. Ukitembea juu yake unakanyaga vigae vya vyungu, na yale mabonge meusi ya mavi ya chuma yaliyobaki walipokuwa wakiyeyusha chuma chao. Mwaka huu amekuja mtu anayetaka kupasua kokoto, na kilima amekipenda. Kamati ya ardhi ya kijiji inakaa Ijumaa kuamua kama apewe.

Ukoo wetu ulipinga. Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa marehemu baba, alisimama mkutanoni akataja waliozikwa kule, mmoja mmoja, mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akatoa nakala ya karatasi. Ni habari za Mzungu mmoja aliyepita huku zamani za Mjerumani, zimefasiriwa. Anasema alikuta pori tupu, hakuna watu. Na makaburi? Ni mawe tu, akasema mwenyekiti, na mawe yapo kila mahali.

"Bibi, maneno ya mdomo hayana mhuri. Tuleteeni ushahidi."

Shangazi analo jibu la ile karatasi. Bibi yake alimsimulia kwamba siku ile bunduki zilipoonekana bondeni, watu walizima moto, wakatulia kimya huko juu na watoto na mbuzi wao mpaka msafara ukapita. Yule mgeni hakuandika uongo. Hakuona watu kwa sababu watu walimwona yeye kwanza. Lakini nani atalipigia hilo mhuri?

Nikasema sawa, kama wanataka ushahidi, tutautoa ardhini. Mimi ni mwalimu wa Historia, najua pa kubisha hodi. Nilimtafuta Rehema, tuliyesoma naye, ambaye sasa ni mtaalamu wa akiolojia. Wiki tatu namsihi. Akakubali kuja leo, siku moja tu: apande kilimani, avione vigae vilivyolala, apime, apige picha, aandike ripoti fupi kwa ajili ya kamati.

Jumapili nikampigia shangazi simu. Maneno yangu nayakumbuka yote, maana nimeyarudia kichwani kutwa nzima. "Shangazi, Jumatano wageni wanakuja kupaona Kwa Wazee. Tusiaibike."

Tusiaibike!

Kwetu, ukimwambia mama mtu mzima hivyo umeshamwambia cha kufanya. Uwanja wa Mzigua unafagiwa mpaka udongo unang'aa, jani likidondoka unaliona. Na Kwa Wazee hapafagiwi ovyo. Pana siku zake, kabla ya tambiko, na wanaofagia ni wanawake wa ukoo peke yao. Shangazi akawaita wenzake wanne, wakaitumia heshima hiyo yote kwa wageni wangu. Siku mbili wameinama kule juu kwenye jua. Wamefyeka, wamepalilia, wamefagia. Kila kigae kimeokotwa na kila bonge la chuma limeokotwa. Wakajaza magunia, wakayashusha kwa vichwa, na kwa kuwa shangazi hapendi kitu kipotee bure, wakayamwaga kwenye lile shimo la barabarani linalokwamisha pikipiki kila mvua ikinyesha.

Tulipita juu yake na gari. Rehema hata akasifu: hapa wananchi wamejitahidi.

Kilima tulikikuta cheupe. Shangazi amesimama katikati yake na kanga mpya, uso umejaa furaha. "Karibuni wanangu. Sasa panapitika." Nikamwamkia shikamoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tumepona mpaka hatuna kitu.

Rehema hakulalamika. Alirudi barabarani, akachutama kwenye lile shimo, akachokoa vigae vichache vyenye nakshi shingoni, akavifuta kwa kidole gumba. Akanivuta pembeni. "Vyungu ni vya zamani, hilo naliona. Ila vingeweza kutoka popote. Nilihitaji kuona kila kigae kilikuwa kimelala wapi na kimelala na nini." Chini ya udongo huenda kuna vingine, lakini kuchimba kunataka kibali, na kibali hakitoki kabla ya Ijumaa. Ataandika alichokiona: eneo limevurugwa, juu ya ardhi hakuna kilichobaki mahali pake.

Nilimwomba ailainishe ripoti kidogo. Nakiri, nilimwomba. Akakataa, na ana haki.

Kwa hiyo Ijumaa kamati itakuwa na karatasi mbili, ya zamani na mpya, na zote mbili zitasema hapakuonekana kitu. Hii ya pili nimeileta mimi mwenyewe, kwa gari la kukodi.

Kila mwaka ninasimama mbele ya kidato cha kwanza na kuandika ubaoni udhaifu wa masimulizi ya mdomo. Msimuliaji husahau. Msimuliaji huongeza chumvi. Wanafunzi wananakili, wanafaulu. Na kumbe nami nimeyaamini, maana kwenye simu ile sikuona haja ya kumweleza shangazi kwa nini wageni wanakuja. Dakika mbili zingetosha. Nilijisemea hataelewa mambo ya akiolojia. Mwanamke anayejua kila nyumba kule juu ilikuwa ya nani na mlango wake ulitazama wapi, nikamwona wa kuandaa chai tu.

Nimeandika hayo, nimeyasoma, yanauma. Yabaki.

Sasa hivi shangazi amenipigia. Alitaka kujua kama tumefika salama, na kama mgeni alipapenda.

Nikasema alipapenda sana.

"Nilijua," akasema, na nikamsikia anavyocheka. "Hata yale mafiga ya bibi, pale lilipokuwa jiko lake, niliyang'oa nikayasugua kwa mchanga. Yalikuwa meusi mno, mwanangu, na chini yake majivu tele. Nikazoa yote."

Jiko. Mchana kutwa Rehema alikuwa anatafuta jiko moja tu, mafiga na majivu yake mahali pake, la kuonyesha kwamba watu waliishi pale.

Nikamwambia ahsante, shangazi. Ana miaka mingi na mgongo mbovu, na bado alipanda kile kilima siku mbili mfululizo kwa ajili yangu. Akaniombea dua, akakata simu.

Sijui Ijumaa tutasema nini. Najua la kesho tu. Nitaomba ruhusa shuleni, nipande gari la asubuhi la Handeni, nikamweleze shangazi yote, uso kwa uso, kabla hajayasikia mkutanoni kutoka kwa mtu mwingine. Atauliza kosa ni la nani. Atauliza tu, namjua. Nami nitamjibu kwamba aliyepafagia ni mimi.