Nusu ya Sindano

Yokosuka, Februari 1934

Shangazi Kinu mpendwa,

Figili zako zimefika salama. Asante.

Kila mwaka ulinilazimisha nitunze sindano zilizovunjika, tukazipumzishe kwenye tofu, kile kipande laini cha soya, hekaluni, nami nikikucheka. Juzi hapa karakanani nilikuwa nikishona kitambaa cha bawa la ndege mpya ya upelelezi, ile inayotua majini. Sindano ikavunjika, nusu ikapotea. Nikaketi juu ya boya la ndege: hairuki mpaka nusu hiyo ionekane.

“We binti, jeshi zima la majini lingoje sindano yako?” fundi mkuu akafoka.

“Lingoje.”

Wakapasua bawa. Nusu ilikuwa imenasa kwenye kapi la waya wa usukani; angani ungekwama.

Rubani aliniinamia kwa shukrani, lakini shukrani hizo ni zako. Alikuwa Tetsuo, mwanao, anayekuandikia kila mwezi kwamba yeye ni karani.

Uliyemfunza kushona,
Fumiyo